Kilichobaki Baada ya Salamu

Riziki mwanangu,

Nimekuficha jambo moja tangu ulipokuwa na miaka saba. Si Mama Devota aliyetoa siri ya watu waliojificha Buleusa. Siri ile ilitoka ndani ya programu niliyoiandika mimi, na tangu wakati ule nimemwacha mwanamke yule abebe jina la msaliti mahali pangu.

Nilidhani nikishaiandika sentensi hiyo kifua kitapata nafasi. Bado. Basi niendelee.

Umekwenda kuaga kwa shangazi yako na najua hatakuachia mapema. Sitakuandikia habari za sweta, wala dawa ya maji, wala jinsi ya kukaa kwenye pikipiki njia ikiwa na utelezi. Hayo amekwisha kukuambia mara tatu, na kesho asubuhi atayarudia. Mimi nina jambo ambalo hakuna mwingine wa kukuambia, na sina muda wa kulizungukazunguka. Muuguzi anayenipima kila Jumatatu ameacha kusema, "Papa, utapona." Siku hizi anasema, "Papa, pumzika." Nimemwelewa.

Jumapili, ukiwa umefika Walikale au umekwisha kuvuka kuelekea Kisangani, Mchungaji atasoma barua yangu nyingine mbele ya kanisa zima. Mimi ndiye niliyemwomba asubiri uondoke. Nilimwambia ni kwa ajili yako, usije ukaona haya mbele ya rafiki zako. Ukweli ni kwamba sikuweza kujiwazia nimeketi kwenye benchi la mbele nikisomewa, na wewe uko pembeni yangu, bega lako likigusa langu, halafu bega lile liondoke. Lakini isingekuwa haki ulisikie jambo hili kwa simu, kutoka vinywani mwa watu. Kwa hiyo barua hii ni yako, kabla ya ile yao.

Sijui unamkumbuka Devota kwa kiasi gani. Labda unakumbuka mikono yake, maana ndiye aliyekusuka kila Jumamosi, wewe ukianza kulia hata kabla hajakugusa kichwa. Alikuwa muuguzi wa kituo kidogo cha afya kwenye kilima chetu, juu ya Kibabi, na ndiye aliyeshika phonie, ile redio ya masafa marefu tuliyoitegemea kabla minara ya simu haijafika. Alikuwa rafiki wa mama yako, wa kuazimana vitenge na kugombana kwa sauti kubwa na kucheka kabla ugomvi haujaisha. Kisha akaacha kuja. Ulipouliza, mama yako alikukataza kulitaja jina lile ndani ya nyumba. Ulitii. Mpaka leo hujalitaja, na kila mwaka uliopita bila wewe kulitaja nilikuwa nauhesabu.

Wakati ule vituo vitatu vilikuwa na phonie: chetu, cha Kirolirwe kule kwenye malisho ya ng'ombe, na cha Buleusa, ndani ya Walikale. Shida ya phonie ni kwamba kila mwenye redio anasikia. Muuguzi akisema kwamba dawa zitapita njia fulani kesho, wenye silaha wanazisubiri hapo hapo. Mimi nilikuwa nimesoma informatiki Kinshasa, nimerudi nyumbani, nafundisha hesabu sekondari, na watu wananiita Fundi kwa heshima ambayo niliipenda kupita kiasi. Niliunganisha kompyuta ndogo kwenye kila phonie, nikaweka sahani za umeme wa jua juu ya mabati, nikaandika programu ya kutuma maandishi yaliyofungwa kwa ufunguo. Kila kituo kilikuwa na ufunguo wake. Ujumbe wa Buleusa haukuweza kufunguliwa Kirolirwe, wala wa Kirolirwe haukuweza kufunguliwa Buleusa.

Moyo wa programu ile ni kile kifurushi cha maagizo ya kompyuta tunachokiita bibliothèque, ambacho wewe ulikisoma mstari kwa mstari ukiwa na miaka kumi na minne, kwenye mashine yangu ya zamani. Ndicho kilichokufundisha kazi unayokwenda kuisomea. Najua umekinakili uende nacho; nilikuona. Kila uliponiambia, "Papa, hii ni safi kabisa," nilisimama nikatoka nje kwenda kutazama maharagwe. Ulifikiri ni unyenyekevu. Uliwahi hata kumwambia shangazi yako kwamba baba yako hapendi sifa.

Tampon unajua ni nini, lakini nitakueleza kama nilivyomweleza Mchungaji, kwa sababu nataka ulisome kosa langu kwa maneno ya kawaida, yasiyo na pa kujificha. Tampon ni kipande kidogo cha kumbukumbu ya mashine ambamo maneno hukaa kwa muda, kabla ya kufungwa na kutumwa. Ichukue kama ubao wa darasani. Unaandika, unafunga, unatuma, kisha unaandika ujumbe mwingine juu ya ubao uleule. Mimi sikuufuta ubao. Niliandika maneno mapya juu ya yale ya zamani. Ujumbe mpya ukiwa mfupi, ulifunika mwanzo tu wa ule uliotangulia. Sehemu yake ya mwisho ilibaki palepale.

Kulikuwa na jambo la pili, na hili nililionea fahari. Niliamua kila ujumbe, mrefu kwa mfupi, utoke na ukubwa mmoja, ili anayesikiliza hewani asiweze hata kubahatisha kama ni habari nzito au ni salamu tu. Kwa hiyo programu ilituma ubao mzima kila mara: maneno mapya, pamoja na masalio yote yaliyobaki chini yake. Mbele kabisa iliweka namba ya kusema ni herufi ngapi zilizo za kweli, na mashine ya upande wa pili ilionyesha hizo peke yake. Muuguzi hakuona kitu cha ajabu kwenye skrini. Lakini faili iliyohifadhiwa ndani ya mashine hiyo, ikiwa imekwisha kufunguliwa kwa ufunguo wake, ilikuwa na ubao wote.

Utaniuliza kama sikuona. Niliona. Nilipoijaribu nyumbani niliyaona masalio kwenye faili, "essai, essai, essai," maneno yangu mwenyewe ya kujaribia. Nikajiambia, hili ni sanduku lililofungwa, nani atatazama ndani yake? Nilisahau kwamba kila sanduku lina mtu aliyepewa ufunguo, na kwamba mtu huyo anaweza kunyang'anywa. Kufuta ubao kungehitaji mstari mmoja. Sikuuandika kwa sababu nilikuwa na haraka ya kuonekana.

Tena nilijaribu mashine kwa namna yangu ya kuandika. Kinshasa walitufundisha kuandika taarifa: jambo kuu kwanza, mengine baadaye. Kwa mwandishi wa namna hiyo, ujumbe mfupi unaofuata unalifunika jambo kuu, na kinachobaki ni takataka. Siku ya kuwafundisha wauguzi nilitaka nao waandike hivyo. Devota alinitazama, akaweka mikono kiunoni.

"Fundi, hii mashine yako haina adabu. Inataka niseme shida mbele ya salamu?"

"Mashine haihitaji salamu, Mama Devota. Salamu zinakula umeme."

"Mashine njo haihitaji. Muntu wa Buleusa iko nahitaji. Miye siwezi kuingia mu nyumba ya muntu na kuomba chumvi nikiwa bado mu mulango."

Wengine wakacheka. Mimi pia nilicheka, kwa namna ya mtu aliyesoma anapowachekea wasiosoma. Wakaendelea kuandika walivyozoea: salamu kwanza, kwa majina, mpaka kwa wagonjwa na kwa mvua, na jambo lenyewe mwisho kabisa. Nilijua wanaandika hivyo. Nilikuwa na habari zote mbili kichwani, kwamba mwisho wa ujumbe hubaki kwenye ubao, na kwamba watu wetu huweka siri mwisho wa ujumbe. Sikuziweka pamoja. Kama ungeniuliza wakati ule ningesema desturi zao si sehemu ya kazi yangu.

Mwaka ule vita vilipanda mpaka kwetu. Familia saba za kilima hiki zilikimbia kuelekea msituni. Safari, mume wa Devota, alikuwa mtu wa Buleusa. Ndiye aliyewaongoza usiku mmoja na mchana mmoja mpaka kwenye shamba la zamani la watu wa kwao. Akawaacha na ndugu yake na mke wa ndugu yake, wawatafutie chakula, naye akarudi na kumwambia mkewe mahali walipo. Kulikuwa na watoto wanaoharisha. Devota akafungua mashine kumwandikia muuguzi wa Buleusa.

Nilikuwepo kituoni, nikikaza waya wa sahani ya jua. Aliandika polepole, kwa vidole viwili, akisoma kwa sauti ndogo. Alimsalimia muuguzi, na mama wa watoto, na watoto mmoja mmoja, na mkwe mwenye mguu mbaya. Akashukuru kwa mihogo waliyoletewa. Mwisho akaandika kwamba watu wetu wako nyuma ya shamba la zamani la mihogo, upande wa mto, familia saba, awapelekee dawa. Akatuma.

Haikupita saa moja, ujumbe ukaingia kutoka Kirolirwe. Ulisema: "Wakimbizi wako wapi. Jibu."

Devota aliondoa mikono kwenye mashine kama iliyomchoma.

"Fundi, kuja uone. Huyu muntu hajasalimia."

"Labda ana haraka."

"Hata nyumba ikiungua, muuguzi wa Kirolirwe anaanzaka na 'jambo mama.' Huyu haiko wa kwetu."

Hatukuwa tumesikia chochote, lakini alikuwa amejua. Wenye silaha walikuwa wameingia kituo kile siku iliyotangulia, muuguzi akakimbilia milimani na kuacha mashine ikiwaka. Devota alifikiri kidogo, akaandika maneno matatu: "Hatujui. Mungu awalinde." Akatuma. Nilimsifu. Nakumbuka niliweka mkono begani mwake nikamwambia, "Mama, wewe ungekuwa askari."

Faili ya ujumbe ule nimeiona mwenyewe, ndani ya mashine ya Kirolirwe. Sina haja ya kufumba macho ili niisome. Inaanza, "Hatujui. Mungu awalinde." Halafu, bila hata nafasi, katikati ya neno: "a mama wa watoto, na watoto wote," na majina yao, na mkwe mwenye mguu, na mihogo, mpaka chini kabisa: nyuma ya shamba la zamani la mihogo, upande wa mto, familia saba. Jibu lake fupi lilifunika mwanzo wa salamu tu. Kama angekuwa mjinga, akawajibu wale watu kwa salamu ndefu kama alivyozoea, angelifunika lote. Aliwatambua, akawanyima maneno, na kwa kuwanyima maneno programu yangu ikawapa yote. Miongoni mwao kulikuwa na mtu anayejua kufungua faili. Haihitaji elimu kubwa. Wewe ungeweza ukiwa na miaka kumi.

Siku ya pili yake walikwenda moja kwa moja mpaka kwenye shamba lile. Hawakuuliza njia kwa mtu. Watu kumi na mmoja hawakutoka pale, wakiwemo muuguzi wa Buleusa aliyekuwa amefika na dawa, na yule ndugu wa Safari na mke wa ndugu huyo. Waliobaki walivuka mto.

Nimeambiwa wazee husahau. Nangoja. Kuna nyakati mtu ananisalimia njiani, "Jambo Papa, habari ya nyumbani, habari ya watoto," na mimi siisikii salamu, nasikia kile kinachokuja nyuma yake. Nasimama nikingoja aseme shamba la mihogo. Anasema anataka kuazima jembe. Kwa nini unafikiri niliacha kanisa la asubuhi, lenye watu wengi, nikaanza kwenda lile la jioni? Mkono mmoja wa salamu naweza kuubeba. Hamsini siwezi.

Barza, kikao cha wazee na watu wote, iliitishwa kwa sababu watu walitaka kujua nani alisema. Waliojua mahali pale walikuwa watatu. Muuguzi wa Buleusa alikuwa amekufa. Safari alikuwa amepoteza ndugu. Alibaki Devota. Mimi sikuhesabiwa, maana Fundi alikuwa anakaza waya, na Fundi ni mtu wa mashine. Niliitwa kama mwenye elimu. Mzee aliyeongoza barza aliniuliza swali moja tu: mashine inaweza kutoa siri yenyewe?

Nilisimama. Nilikuwa nimevaa koti. Nilisema, "Mashine haina mdomo. Ujumbe wa Buleusa hausomeki Kirolirwe. Siri ikitoka, imetoka kwa mtu."

Devota alikuwa ameketi chini, kitambaa kichwani, mikono mapajani. Hakupiga kelele. Aliniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeuliza bei sokoni:

"Fundi, kumbuka muzuri. Haiwezi hata kidogo?"

"Haiwezi."

"Basi sijui," akasema. "Kama Fundi anasema haiwezi, miye sijui ni nini. Lakini sikusema kwa muntu."

Angalia alivyofanya, Riziki. Aliamini neno langu kuliko alivyojiamini mwenyewe. Nimekutana na watu wengi wenye diploma ambao hawakuwahi kunipa heshima ya namna ile.

Kisha wazee wa ukoo wa Safari wakaja kutoka Buleusa, watu wanne, kwa miguu. Kwao jambo la damu haliishi kwa maneno. Walitaka wawili waliokuwa karibu na mashine, Devota na mimi, twende tukaape kwa desturi yao, mbele ya kijumba cha mababu. Devota alikubali palepale. Mimi nilikataa. Nilisema mimi ni shemasi, siwezi kuapa mbele ya kijumba. Kanisa lilinisifu. Mchungaji wa wakati ule alinitaja katika mahubiri yake kama mtu aliyesimama imara. Na kule kukubali kwa Devota kukawa ushahidi mwingine dhidi yake: mnaona, wakasema, anavyokimbilia mambo ya giza.

Alikwenda peke yake, akaapa. Wazee wale wa msituni walirudi naye mpaka ukingo wa kijiji, na yule mkubwa wao akasema mbele ya watu wote, "Huyu mwanamuke hana kitu. Mutafute kwingine." Hakunitazama aliposema. Ningependa kukuambia alinitazama. Ingekuwa rahisi zaidi kwangu. Alitazama njia, akaondoka. Sisi wenye Biblia hatukumsikiliza.

Safari alishindwa na maneno ya kilima, akamrudisha mkewe kwa dada wa mkewe, Walikale, na watoto akabaki nao yeye. Watoto wale wamekua kwenye kilima hiki wakiambiwa mama yao aliuza watu kumi na mmoja. Mmoja wao, Furaha, umesoma naye. Unakumbuka alivyopigana na wasichana wale kisimani, na wewe ukaja nyumbani ukaniuliza kama ni kweli mtu anarithi ubaya wa mama yake? Nilikuambia hapana. Nilikuambia kwa upole sana, nikakupa muwa.

Na mama yako. Hili sijamwambia hata Mchungaji. Wiki ya mwisho, wakati alipokuwa hawezi tena kumeza, aliniuliza, "Hivi Devota aliwezaje? Watoto wa wale waliojificha alikuwa amewapokea yeye mwenyewe walipozaliwa. Mutu anawezaje?" Nilikuwa nimeshika kikombe cha uji. Nikasema, "Usijichoshe." Alikufa akiwa amemchukia rafiki yake, na chuki ile haikuwa nyepesi kwake, ilikuwa inamuuma kama jino. Ningeweza kuing'oa kwa maneno kumi. Nilipangusa mdomo wake nikaenda kuosha kikombe.

Hapa ndipo baba mwingine angekupa mafundisho. Mimi nina vitu vichache tu, na sijui kama vinatosha kuitwa hivyo.

Kabla hujakabidhi kipande cha kumbukumbu kwa ujumbe mwingine, kifute. Kifute hata kama hakuna anayetazama, hata kama umefunga kwa ufunguo mara tatu. Huko uendako watakuambia mashine za sasa zinafanya zenyewe. Kubali, kisha uende ukaangalie kwa macho yako faili yenyewe, yote, mpaka herufi ya mwisho. Na usijaribu kazi yako kwa sentensi zako. Mpe mtu atakayeitumia, umwache aandike anavyosalimia, anavyolalamika, anavyorudia maneno. Ukae kimya nyuma yake. Devota alikuwa amenipa maelezo kamili ya kosa langu siku ile ya mafunzo, na mimi nikacheka.

Na siku watakapokuita kwa jina la kazi, Fundi au Enjenia, au lolote watakalolitumia huko, ogopa kidogo. Si kwamba jina ni baya. Nilipokuwa nimesimama mbele ya barza, sikuogopa wenye silaha wala kifungo. Niliogopa kuwa mtu ambaye kompyuta zake zilikuwa na kosa la mstari mmoja. Niamini, ndicho nilichokiogopa. Nilipima kosa hilo na maisha ya mwanamke mmoja, nikaona kosa ni zito zaidi.

Utapita Walikale. Sikutumi kwake. Nimeona wazee wengi wakiwapa watoto wao mizigo ya kupeleka mahali ambapo wao wenyewe waliogopa kwenda, na sitaki kuwa mmoja wao. Mchungaji atakwenda mwenyewe wiki ijayo pamoja na Furaha, wakiwa na barua yangu, na kama Devota atataka kunijia kabla sijaenda, mlango uko wazi na sitajifanya nimelala. Ukitaka kusimama kwake, simama. Ukitaka kupita umeinamisha kichwa, pita. Na ukiisoma barua hii leo na ukaona huwezi kuondoka kesho ukiwa umebeba jina langu, ama huwezi kuniaga, nitasikia pikipiki ikiwaka nje na nitaelewa.

Nilikuwa nimeazimia kuishia hapo. Nimeweka kalamu chini mara mbili.

Katika ile barua ya Jumapili niliandika kwamba kosa la programu nililigundua baada ya miaka, nilipokuwa nikisafisha mashine za zamani, na kwamba kwenye barza nilisema nilichokiamini. Mchungaji alipoisoma mara ya kwanza macho yake yalijaa machozi. Alisema, "Papa, haukujua. Mungu anaona haukujua." Nikamwacha aseme hivyo. Akanishika mkono, nikamwachia mkono. Huo ni uongo, Riziki. Nimemwambia shangazi yako kwa simu amwite Mchungaji apite hapa kesho mchana, nami nitampa maneno haya yaliyobaki ayasome pamoja na yale mengine, lakini kwanza uyapate wewe.

Wenye silaha waliondoka Kirolirwe Jumatatu. Jumanne nilikwenda kuchukua kompyuta ya kituo kile. Niliikuta ikiwaka, faili imefunguliwa kwenye skrini, na nikaisoma yote nikiwa nimesimama. Jumatano niliingia kituo cha Devota kurekebisha mashine yake. Barza ilikuwa imekwisha kutangazwa, na watu walikuwa wameanza kumkwepa njiani. Aliniletea viazi na maharagwe, akaketi kando yangu akinishikia tochi.

"Fundi, iko na shida?"

"Hapana. Niko naisafisha tu."

"Njo vizuri," akasema. "Kesho wakikuuliza, uwaambie mashine yetu iko muzima. Wajue sikuitumia mubaya."

Niliuandika ule mstari mmoja wa kufuta ubao mbele ya macho yake, kwa mwanga wa tochi yake. Nikatuma ujumbe wa kujaribu, nikafungua faili, nikaona masalio hayapo tena. Nikala chakula chake, nikamshukuru. Alhamisi, niliposimama kwenye barza na kusema mashine haiwezi, nilikuwa najua.